Nusu ya Nyeusi

Mashine yenyewe haikuzidi sufuria ya kupikia watu kumi. Tulipoambiwa inakuja mashine ya kusoma rangi kutoka ng'ambo, mimi nilijua litakuja lori, itakuja winchi, tutabomoa ukuta. Wapi! Ilikuja ndani ya boksi, imekumbatiwa kifuani na mtaalamu mmoja mwembamba, anaibembeleza kama mtoto aliyetoka kuchanjwa. Akaiweka mezani maabara, akaichomeka kwenye kompyuta, akaielekezea kibao kilichopakwa rangi ya bluu. Ikatoa mwanga, tii! Tarakimu zikajaa kwenye kioo. Bosi akapiga makofi. Mimi nikakohoa.

Nilikuwa na sababu ya kukohoa. Kiwandani pale mashine ya kusoma rangi ilikuwa mimi.

Miaka ishirini na sita nachanganya rangi za kupaka nyumba, na jina langu la nyumbani walishalisahau zamani. Wote wananiita Jicho. Mteja analeta kipande cha kigae, analeta kitufe cha shati, hata jani bichi la mgomba, anasema nataka ukuta wangu ufanane na hiki. Naangalia, nakuna kidevu, nachanganya. Saa moja haiishi, nampa chake anaondoka anacheka. Ndiyo, najisifu. Nisipojisifu mimi, anisifu nani, jirani?

Sasa sikilizeni, maana bila hili hamtaelewa kilichotokea. Kila rangi tuliyowahi kutengeneza ina kadi yake. Kadi mia nne na kumi na mbili, kwenye droo za mbao, nyingine kwa mwandiko wangu na nyingine kwa mwandiko wa fundi aliyenifundisha. Kwenye kadi imeandikwa: nyeupe ya msingi kilo kadhaa, njano gramu kadhaa, kijani gramu kadhaa, nyeusi gramu kadhaa. Ukiisoma utasema kila kitu kimo. Hakimo. Ile nyeusi ni nusu.

Kwenye kadi zote. Fundi wangu alinifundisha hivyo mwaka wangu wa tatu, alipokwisha kuniona si mtu wa mdomo. Nyeusi ndiyo inayoikalisha rangi, bila hiyo inapauka. Kila rangi yetu inayo, hata ile usiyoidhania. Basi mbele ya watu unapima nusu na unaandika nusu. Halafu unasema, "Haya, niacheni niangalie." Tuliita kuangalia mwisho. Unamtuma msaidizi akalete kitambaa, unainama kwenye pipa, na kutoka kwenye kopo dogo unamimina kilichobaki kwa jicho. Msaidizi akirudi, rangi imekaa. Anatikisa kichwa, anasema huyu mzee si bure.

Nilimuuliza fundi wangu sababu. Akaniambia kabla yake palikuwa na fundi mwingine, muungwana, akaombwa aandike kila anachokijua kwenye daftari, kwa faida ya kiwanda. Akaandika. Alipomaliza akashukuriwa sana, na wiki mbili baadaye akapewa barua ya kupumzishwa, kwa kuwa daftari halili mshahara. "Mwanangu," fundi akaniambia, "ukimpa mtu ndoo, bakisha kata." Nikabakisha. Nilikuwa na watoto wanne na mke mjamzito, ningebishana na nani?

Aliyekabidhiwa mashine ni mpwa wangu, na aliyemleta mpwa wangu pale kiwandani ni mimi. Mtoto wa dada yangu, amesoma kemia, akakaa nyumbani miaka miwili anaandika maombi ya kazi mpaka akawajua watu wa posta kwa majina. Nikaenda kwa Bosi, nikaomba kwa mdomo wangu huu huu: mchukue miezi mitatu ya majaribio, asipofaa mfukuze. Bosi akakubali, na maneno yangu akayaweka kichwani vilevile nilivyoyasema. Mafundi walipomwona binti na koti lake jeupe wakampachika jina, Dokta. "Dokta, nina homa!" "Dokta, nichome sindano!" Yeye anacheka tu. Ana roho safi yule mtoto. Ameipata kwa mama yake, si kwa wajomba.

Mtaalamu alikaa nasi siku tisa. Akaeleza kwamba mashine itaweza kutuambia tuchanganye nini, ila kwanza lazima ijue rangi zetu kali, zile tunazotia kidogo kidogo, kila moja ina nguvu kiasi gani. Zipo njia mbili. Moja ni kuzipima zote upya, kazi ya miezi miwili na yeye akiwepo. Nyingine ni kuingiza kadi zetu za zamani pamoja na vibao vyake, mashine ijifunze kutoka kwetu. Bosi ni mtu wa njia za mkato toka utoto wake. Akachagua ya pili.

"Tuna kadi za Jicho," akasema, akanipiga bega. "Ujuzi wa miaka arobaini umo humo."

Nikajisemea moyoni: yangu macho.

Hapo ndipo nilipokosea, na sitafuti pa kujificha. Ningeweza kusema siku ile ile. Mtaalamu yupo, Bosi yupo, Dokta amekaa na kalamu yake. Nilinyamaza, na usiku nililala vizuri. Nilijiambia kwamba mashine ikishindwa, itarudishwa ilikotoka, mambo yatakuwa kama zamani, na mpwa wangu atapewa kazi nyingine mle maabara. Sikumfikiria zaidi ya hapo. Mtu akitetea ugali wake hesabu zake huwa fupi.

Siku kumi kabla ya majaribio yake kwisha, ikaja kazi kubwa. Shirika moja lenye zahanati nyingi lilitaka kuzipaka zote rangi moja, kijivu yenye ukijani, na mtu wao akaleta kipande cha mlango kama mfano. Hakutaka tu kibao kinachofanana. Alitaka na karatasi ya vipimo, ili akiagiza leo na akiagiza mwaka kesho apate ileile. Atarudi Ijumaa ya wiki inayofuata. Akiridhika, kazi ni yetu.

Bosi akatuita wote maabara. "Hii ni ya mashine," akasema. "Jicho apumzike. Nataka mteja aone tumepiga hatua."

Apumzike! Neno hilo lilinichoma kuliko alivyokusudia.

Dokta akakisomesha kile kipande cha mlango. Mashine ikatoa orodha, naye akapima mpaka gramu ya mwisho, akakoroga, akapaka kibao, akakausha. Kikatoka kimepauka kama mtu aliyeruhusiwa juzi kutoka hospitali. Akarudia. Kikapauka vilevile. Mara ya tatu Bosi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni.

"Jicho," akaita. "Hebu."

Nikainama kwenye kopo. Nikamtuma Dokta, mpwa wangu wa damu, akaniletee kitambaa. Aliporudi rangi ilikuwa imekaa. Mafundi wakapiga makofi, mmoja akasema, "Mashine, kwenu wanakuita!" Nikacheka nao. Mungu anisamehe, nilicheka, tena kwa raha ambayo sikuwa nayo tangu boksi lile lilipoingia.

Bosi hakucheka. Akakishika kibao changu, akakiweka kando.

"Kizuri," akasema. "Lakini karatasi yake iko wapi? Jicho akipata malaria, nimwambie mteja asubiri apone?" Halafu akamgeukia Dokta. "Majaribio yako yanaisha Ijumaa, siku hiyo hiyo anayokuja mteja. Mashine ikisoma sawasawa, unasaini mkataba. Isiposoma, mjomba wako alishaniambia la kufanya."

Dokta akaniangalia. Hakujua ni neno gani hilo nililolisema. Mimi nilijua: asipofaa mfukuze.

Ungedhani ningesema saa ile ile. Sikusema. Ilipita Ijumaa ya wiki ile, ikapita Jumamosi. Jumapili dada yangu akanipigia simu. "Mwanangu hali chakula," akasema. "Nikimuuliza, anasema kazi. Wewe si uko hapo hapo? Ana nini?" Nikamwambia kazi mpya ina mambo yake, atazoea. Dada yangu akashukuru. Alinishukuru, jamani! Nilikata simu nikamfokea mke wangu kwa sababu ya chumvi, na chumvi ilikuwa sawa kabisa.

Jumanne mchana, watu wote wako nje wanakula, nikapita maabara nikamkuta amekaa peke yake na droo za kadi zimemzunguka.

"Umekula?"

"Nitakula, Mjomba."

"Unafanya nini?"

"Naingiza kadi upya. Hii ni mara ya tatu. Nimeongea na mtaalamu, anasema mashine ni nzima, kosa limo kwenye tulichokiingiza. Kwa hiyo kuna mahali nimeruka, au nimeandika sivyo."

"Na kama kosa limo kwenye kadi?"

Akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Kadi zako? Mjomba, acha utani. Mashine inaweza kukosea, mimi naweza kukosea. Kadi hizi zimeendesha kiwanda hiki kabla sijazaliwa."

Akaendelea. Alikuwa anasoma kwa sauti, kidole juu ya mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Njano, mia moja na nne. Kijani, sitini. Nyeusi, kumi na nane." Akagonga moja, akagonga nane, akarudi kwenye kadi kuhakikisha kwamba kweli ni kumi na nane. Mwandiko ulikuwa wangu. Kadi ile niliikumbuka mpaka siku niliyoiandika. Nyeusi yake ilikuwa ikikaribia arobaini. Nikasimama pale namtazama mtoto wa dada yangu anahakikisha uongo wangu kwa kidole.

"Unajua, Mjomba," akasema bila kugeuka, "labda kichwa changu si cha kazi hii. Wengine tunasoma tu, tunafaulu mitihani, kumbe hamna kitu. Ningejua nisingekubali uniombee. Nimekuaibisha."

Nikavuta kiti. Nikakaa.

"Acha kuandika," nikamwambia. "Wewe hujakosea. Nyeusi kwenye kadi zote ni nusu."

Akatoa mikono kwenye kompyuta taratibu. "Nusu ya nini?"

Nikamweleza. Daftari la yule fundi wa zamani, ndoo na kata, kopo dogo nyuma ya pipa, kuangalia mwisho. Nilieleza vibaya, narudi nyuma, naruka mbele, na katikati nilijikuta najitetea kama mshtakiwa. Yeye hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akaiweka ile kadi mezani.

"Siku ile," akasema, "ulinituma kitambaa."

"Nilikutuma."

"Nikaenda mbio."

Akasimama, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Nilimsikia anavuta makamasi. Ningependa kusema nilikwenda nikamshika bega, lakini ni uongo, niliogopa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na sauti imekauka.

"Sawa. Nyeusi ya kweli ni kiasi gani? Mara mbili kamili?"

"Si kamili. Inategemea. Nyingine inazidi kidogo, nyingine inapungua."

"Kiasi gani?"

Nikafungua mdomo nimwambie, na hapo nikapata aibu ya pili. Sikujua. Miaka yote ile nilidhani nimeficha hesabu kichwani, kumbe kichwani hamna hesabu yoyote. Kulikuwa na kuinama, na kuangalia, na kuona sasa inatosha.

"Sijui," nikasema. "Mkono ndio unaojua."

"Basi lete mkono," akasema Dokta, akavuta mizani.

Tulifanya hivi: anachanganya rangi ya kadi kama ilivyoandikwa, ananipa kopo dogo la nyeusi lililopimwa, namimina mpaka niseme basi, analipima tena. Tofauti anaiandika. Jumatano na Alhamisi tulipitia kadi ishirini na sita, zile alizosema mashine inazihitaji zaidi. Hakuniita Mjomba siku zile mbili. Alisema "mimina" na "ngoja" na "basi?" Mara moja tu aliuliza kitu kingine: kwa nini rangi ya maziwa nimeisubiri sana kuliko zile nyingine? Nikamwambia nyeusi ikiingia kwenye nyeupe nyingi haijionyeshi mara moja, inajificha halafu inatokea. Ukiwa na haraka unazidisha. Akaandika hilo pembeni ya kadi. Hakuna aliyewahi kuandika neno langu lolote lisilokuwa tarakimu, na nikajikuta nimelala usiku nikilifikiria.

Alhamisi jioni akakisomesha tena kipande cha mlango. Akachanganya kama mashine ilivyosema, akapaka, akakausha, akakiweka kibao na kipande cha mlango sambamba dirishani. Nikainama. Nikatafuta tofauti kwa roho yangu yote, kwa sababu mtu mzima haachi uchawi wake kirahisi. Haikuwepo.

"Nitamwambia Bosi nilikosea kuingiza," Dokta akasema. "Nimesahihisha, imekwisha. Wewe usiseme kitu."

Nikamtazama. Baada ya yote yale, alikuwa ananifichia. Na msinione malaika: niliitamani nafasi ile. Niliizungusha kichwani kutoka maabara mpaka getini. Lakini mtu wa majaribio anayekosea hesabu siku tisa mfululizo, Bosi atampa mkataba wa nini? Na zilibaki kadi zaidi ya mia tatu na themanini. Tungezipima kwa kujificha chini ya meza?

Ijumaa asubuhi nikabisha hodi ofisini kwa Bosi kabla mteja hajafika. Nikasema yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia kaa.

Uso wake ulibadilika. "Huo ni wizi," akasema.

"Labda."

"Miaka ishirini na sita umekula mshahara wa kiwanda hiki na umekinyima ukweli!"

Hapo hasira ikanipanda, siwezi kuidanganya nafsi yangu. "Bosi, nitajie fundi mmoja aliyewahi kuandika kila kitu humu ndani na akabaki. Mmoja tu."

"Yule wa daftari alifukuzwa na marehemu baba, si mimi."

"Kiwanda ni kilekile."

Akanionyesha mlango. Saa nne mteja akaja. Akakiweka kibao sambamba na kipande cha mlango wake dirishani, akatoka navyo juani, akarudi, akaisoma karatasi ya vipimo mstari kwa mstari, akatoa mkono. Mchana Dokta akasaini mkataba. Dada yangu alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaiondoa sikioni.

Jumatatu nikapewa barua yangu. Nilitakiwa kukamilisha marekebisho ya kadi zote kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na baada ya hapo kiwanda kinanishukuru kwa utumishi wangu na kunitakia mapumziko mema. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaenda kupima kadi. Ningefanya nini? Nilikuwa nimeiandika mwenyewe ile barua, Bosi kazi yake ilikuwa kuipigia muhuri.

Habari zikaenea. Mama Stoo, anayetunza ghala la rangi kali, alinifuata mpaka uani akanipiga mgongoni na daftari lake la kutolea mali. "Miaka tisa!" akapiga kelele. "Miaka tisa naambiwa nyeusi inayotoka stoo inazidi ya kwenye kadi, inapotelea kwangu! Nimesemwa, nimepekuliwa mkoba kama mwizi wa kuku, kumbe ni wewe, shetani mkubwa!" Akanipiga tena. Nilistahili, na daftari lenyewe lilikuwa zito. Kesho yake akarudi, sauti imeshuka. Akauliza kama ni kweli nimepewa barua. Nikamwonyesha. Akaisoma, akanirudishia.

"Pamoja na kusema mwenyewe?"

"Pamoja na kusema mwenyewe."

"Haya," akasema. "Basi na mimi la kwangu nitakufa nalo." Na hakuwa peke yake. Fundi wa mashine za kusaga, ambaye Bosi alikuwa amemwomba aeleze anavyozitega, ghafla akawa mgonjwa wa koo, hawezi kusema. Kiwanda kizima kilijifunza wiki ile, ila si somo alilolitaka Bosi.

Nikamwambia Bosi hivyo hivyo, nilipokutana naye kwenye korido. Akanijibu kwamba nisimfundishe kuendesha kiwanda. Nikamwacha aende.

Wiki zikapita, mimi na Dokta tunapima. Alianza kuniita Mjomba tena, kwanza kwa kusahau, halafu kwa kawaida. Tulifika kadi ya mia tatu na kitu. Akawa mwepesi sasa. Kabla sijasema basi, wakati mwingine anasema yeye, na anapatia. Kwenye rangi za bluu alianza kunishinda. Mara mbili niliona inatosha, akasema bado, mashine ikampa yeye haki. Nikamwambia macho yangu yanazeeka. Akasema, "Ndiyo, Mjomba," bila kunipamba, na nilimpendea hilo.

Siku moja ilikuwa zamu ya rangi ya udongo, nyekundu iliyotulia, watu wanaipenda kwa chini ya kuta. Nikamimina, nikasema basi. Akaliweka kopo kwenye mizani. Nilikuwa upande wake, nikaiona hesabu mwenyewe: nyeusi yote ni arobaini na nne. Akachukua kalamu, akaandika ishirini na mbili.

Nilidhani macho ndiyo yamenichezea. Nikaitazama mizani tena, nikaitazama kadi. Nikachukua kadi zilizokuwa juu ya rundo, za asubuhi ile, ambazo nilizikumbuka vizuri. Ya kwanza nusu. Ya pili nusu. Zote nne.

"Nini hiki?"

"Unakijua," akasema.

"Futa."

"Walikupa barua, Mjomba." Alisema polepole, hakuinua sauti. "Ulikwenda kwa miguu yako, ukasema kweli, wakakupa barua. Wewe unaondoka wiki ijayo. Mimi nimebakiza miaka thelathini humu ndani. Kadi zikikamilika, mimi ni nani? Kidole cha kubonyezea kitufe. Kila mtu ana kata yake humu. Mimi nibaki na nini?"

Ningemwambia Bosi ni mtu mwema? Ningemwapia kwamba yeye hawatamfanyia hivyo? Wanaweza, na kesho. Na niseme na hili, ingawa linanitia aibu: kipande cha moyo wangu kilifurahi. Kilisema, angalia, umepata mrithi.

Nikavuta kiti nikakaa karibu naye.

"Ile Jumanne," nikamwambia, "ulipokuwa unaingiza kadi mara ya tatu. Ulisema kichwa chako si cha kazi hii. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Kichwa chako hakikuwa na kasoro yoyote. Mimi ndiye niliyekuwa nimekitia kasoro, toka hujazaliwa. Sasa yule atakayekaa kwenye kiti hicho baada yako, akizipitia hizi mara ya tatu bila kula, yeye atajionaje?"

"Hatakuwa mpwa wangu," akasema.

"Atakuwa wa mtu."

Nje kikorogeo kikubwa kilikuwa kinazunguka, na mafundi wanacheka kitu. Alikaa ameishika kalamu, na mimi sikuwa na ahadi yoyote ya kumpa. Mwishowe akazivuta zile kadi nne, akazisahihisha moja moja kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yake ilikuwa sahihi. Halafu akaivuta ile ya udongo. Akapiga mstari juu ya ishirini na mbili. Akaandika nne, akasimamisha kalamu, akanitazama kwa hasira ambayo naistahili.

Sikuondoa macho kwenye kadi mpaka alipoandika nne ya pili.